Tumbo linasokota na kichwa hakishiki: nianze kutibu lipi?

SWALI

"Daktari, shikamoo. Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, mhasibu hapa Mwanza. Huu ni mwaka wa sita tumbo linanisokota na kujaa gesi. Asubuhi kabla ya kwenda kazini lazima niende chooni mara tatu au nne, choo laini, na nikishamaliza msokoto unapungua. Nimetibiwa taifodi sijui mara ngapi, nikatibiwa amiba, minyoo, vidonda vya tumbo. Nikapigwa kamera ya tumbo, wakasema pako safi. Mwaka jana daktari mmoja akaniambia ni IBS, yaani utumbo usiotulia, 'ni mawazo tu, punguza stresi', akaniandikia amitriptilini nusu kidonge usiku. Duka la dawa wakaniambia hiyo ni ya wagonjwa wa akili, basi iko kwenye mkoba mpaka leo. Kinachonitisha sasa si tumbo. Tangu mwaka jana kichwa hakishiki. Nasoma safu moja ya hesabu mara tatu, nasahau nilichofuata dukani, nasahau jina la mtu niliyesoma naye. Sina raha na kitu chochote, nalia bila sababu, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Kuna siku natamani nisiamke. Mama mkwe anasema nimefanyiwa kitu. Vyakula nimeacha karibu vyote, nakula uji na wali mkavu. Je, tumbo linaweza kuharibu ubongo? Nianze kutibu lipi? Na wanangu watarithi?"

JIBU

Marahaba, dada. Umeuliza mengi, lakini naanza na sentensi uliyoipitia haraka: kuna siku unatamani usiamke. Jiulize kwa ukweli. Je, ni kuchoka kunakokufanya utamani kupumzika na yote, au umeshaanza kuwaza ni kwa njia gani na lini? Kama ni hilo la pili, usimalize kusoma. Mwambie mume wako, ndugu au jirani unayemwamini, mwende hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Kama ni hilo la kwanza, bado ni jambo la kumwona daktari wiki hii, si la kusubiri mwisho wa mwezi. Watu huogopa kuulizana swali hili wakidhani wataamsha kisichokuwepo. Haliamshi. Mara nyingi anayeulizwa kwa upole hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu amelitaja.

Sasa swali lako kubwa. Hapana, IBS haiharibu ubongo. Na ukitaka nichague pa kuanzia, nitaanza na sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kukunyima raha na usingizi, kabla ya tumbo. Najua hukutegemea jibu hilo, maana tumbo ndilo lililotangulia na ndilo linalouma. Wagonjwa wengi ninaowaona hujiambia kwamba tumbo likipona, moyo utarudi wenyewe. Wanasubiri, na miaka inakatika.

Tuhakikishe kwanza tunazungumzia ugonjwa mmoja. Vigezo vinavyotumika duniani ni vya Roma, toleo la nne la mwaka 2016. Vinataka maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, tena yaambatane na mawili kati ya haya: yahusiane na kwenda haja kubwa, safari za chooni ziwe zimebadilika idadi, au choo kiwe kimebadilika sura. Tatizo lenyewe liwe lilianza miezi 6 nyuma au zaidi. Kwa maelezo yako, unavitimiza. Kwa kipimo hicho, watu kama 4 katika kila 100 duniani wana IBS, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kwa hiyo ofisini kwenu pengine si wewe peke yako, ila hakuna anayelizungumza.

Hizo taifodi zako zinanisikitisha lakini hazinishangazi. Taifodi ni ugonjwa wa homa inayopanda siku hadi siku. Haikai tumboni miaka sita ikisubiri asubuhi za siku za kazi. Kipimo cha Widal kinachotumika sana kwenye zahanati na maabara zetu kinatafuta kingamwili, na hizo hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya maambukizi ya zamani, au huchokozwa na vijidudu vingine. Karatasi iliyoandikwa "1:160" peke yake haitoshi kumwanzishia mtu dawa, na kila duru ya antibiotiki isiyohitajika huwavuruga bakteria wa utumbo ambao kwako tayari hawajatulia. Vidonda vya tumbo navyo kwa kawaida huuma juu, kwenye chembe cha moyo. Havimkimbizi mtu chooni mara nne.

Kuhusu kamera, kumbuka iliyopita mdomoni inaona koo la chakula, tumbo lenyewe na mwanzo wa utumbo mwembamba. Utumbo mpana haiufikii. Hilo halina maana kwamba sasa ukapigwe ya pili kwa nyuma: kwa umri wako, kama huna dalili za hatari nitakazozitaja, si lazima. Kipo kitu kingine ambacho sijakiona kwenye historia yako na ambacho kwa mtu wa Mwanza ningekidai, nacho ni kichocho cha utumbo. Ukanda wote wa Ziwa Victoria unacho, na kinaweza kuleta maumivu na kuharisha kwa muda mrefu. Choo kipimwe, ikiwezekana sampuli zaidi ya moja. Kikionekana, dawa yake, prazikwanteli, humezwa siku moja tu.

Sasa kauli ile ya "ni mawazo tu". Imekuumiza, na si sahihi. Tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakifanya jaribio hili: kipira chembamba kinaingizwa sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kisha kinajazwa hewa kidogo kidogo. Mtu asiye na IBS anasema, "nahisi kimejaa." Wengi wenye IBS, kwa ujazo uleule, wanasema, "inauma." Ukiangalia utumbo wenyewe hauna kidonda wala uvimbe, ila neva zake zimekuwa kali, na ubongo unaopokea taarifa zake umezoea kuzipa uzito mkubwa. Maumivu ni ya kweli. Hayaonekani kwenye kamera kwa sababu kamera inaona ngozi ya ndani ya utumbo. Haioni namna neva zinavyofanya kazi.

Utumbo una mtandao wake wa neva wenye seli zaidi ya milioni 100. Unawasiliana na ubongo kwa njia kadhaa, kubwa ikiwa ni neva ya vagasi inayoshuka kutoka ubongoni kupitia shingoni hadi tumboni. Wengi hudhani neva hiyo kazi yake ni kupeleka amri chini. Kumbe nyuzi zake nyingi, kama asilimia 80, zinapandisha habari juu. Ubongo nao hujibu kwa homoni na kwa neva zinazouharakisha au kuuchelewesha utumbo. Umewahi kuwa harusini mshereheshaji akasogea na maiki karibu na spika? Maiki inadaka sauti ya spika, spika inaikuza, maiki inaidaka tena, na ukumbi mzima unaziba masikio. Hakuna kilichoharibika pale. Fundi akipunguza maiki au akipunguza spika, mluzi unakwisha. Tumbo lako na ubongo wako viko hapo.

Ndiyo maana asubuhi ndiyo mbaya. Utumbo mpana wa kila mtu huamka na mwenye nao, kifungua kinywa huusukuma zaidi, na kortisoli, homoni ya msongo, hupanda baada ya kuamka. Kwa mwenye neva kali, msukumo huo wa kawaida unakuwa msokoto. Halafu ongeza wazo la daladala lililojaa, foleni, na choo hakuna mpaka ufike mjini. Wazo hilo peke yake linatosha kuongeza safari ya tatu na ya nne.

Kipi kilianza? Huko Australia kuna watafiti waliowafuatilia watu kwa miaka 12. Waliokuwa na wasiwasi mwingi mwanzoni bila shida ya tumbo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata baadaye, na waliokuwa na shida ya tumbo bila wasiwasi wala sonona walikuja kuvipata zaidi kuliko wenzao. Njia zote mbili zipo. Wapo pia ambao mwanzo wao ni maambukizi ya kweli kabisa. Mei 2000, maji ya bomba ya mji mdogo wa Walkerton, Kanada, yaliingia bakteria. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa. Walioharisha wakati ule walifuatiliwa, na miaka 8 baadaye bado wako waliobaki na IBS. Kwa wastani, katika kila watu 10 wanaopata maambukizi makali ya tumbo, mmoja hupata IBS ndani ya mwaka. Jaribu kukumbuka kama miaka sita iliyopita uliharisha vibaya wiki moja kabla ya haya yote. Nakuuliza kwa sababu jibu la mama mkwe limejaza pengo ambalo hakuna daktari aliyelijaza: kwa nini mimi, na kwa nini ghafla? Sala na dua uendelee nazo. Ila dawa za chupa za "kusafisha tumbo" usiguse, maana nyingi zinachofanya ni kukuharisha, na wewe kuharisha unako tayari.

Tukija kwenye sonona, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu asilimia 39 ya wenye IBS wana dalili za wasiwasi na karibu asilimia 29 wana dalili za sonona, mara tatu hivi ya wasio na IBS. Utasoma mitandaoni kwamba sababu ni kuwa asilimia 95 ya serotonini, kemikali inayohusishwa na furaha, iko tumboni, kwa hiyo tumbo likichafuka furaha inakauka. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili haisimami, kwa sababu serotonini ya tumboni haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Inafanya kazi zake hukohuko chini, mojawapo ikiwa kuusukuma utumbo. Anayekuuzia virutubisho vya "kurudisha serotonini ya tumbo" ili upate furaha anakuuzia maneno.

Na kichwa kisichoshika? Utafiti uliofanyika Cork, Ireland, na kuchapishwa mwaka 2014 uliwaweka wenye IBS mbele ya skrini yenye visanduku. Kisanduku kinafunguka, kinaonyesha umbo, kinafunga; kisha mtu anaulizwa umbo lipi lilikuwa wapi. Wenye IBS walikosea zaidi kuliko wenye afya, na makosa hayo yalihusiana na kortisoli. Sendai, Japani, walitumia mchezo wa kupanga kadi ambao kanuni yake inabadilishwa katikati bila taarifa, na wenye IBS walichelewa zaidi kuiacha kanuni ya zamani. Soma matokeo hayo kwa utulivu. Ni tofauti ndogo za wastani kati ya makundi, kwenye majaribio magumu kwa makusudi. Hakuna kati ya wale aliyesahau njia ya kwake.

Sehemu ya tofauti hiyo inaelezeka kirahisi: akili ina nafasi yenye kikomo ya kushika mambo kwa wakati mmoja, na wewe sehemu ya nafasi hiyo iko kazini muda wote ikichunga tumbo. Limeunguruma? Choo kiko wapi? Kikao kitaisha saa ngapi? Safu ya hesabu inagombania kilichobaki.

Lakini kwa picha uliyonichorea, mhusika mkubwa ni sonona yenyewe. Kupoteza raha, kulia, kuamka saa tisa usiku bila usingizi kurudi, kutamani usiamke, na kushindwa kumakinika: hizo ni dalili zake za kitabuni. Lipo dodoso la PHQ-9 lenye tafsiri ya Kiswahili ambayo imeshapimwa kwa wagonjwa wa Tanzania na Kenya. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. La saba linauliza juu ya kushindwa kuweka akili kwenye jambo unalofanya. La tisa ni lile la kuona bora ufe. Alama 10 na kuendelea huwa zinatosha kumfanya daktari akae nawe vizuri. Muombe mtoa huduma mlijaze pamoja, haichukui hata dakika kumi.

Pengine unaogopa kwamba ni ugonjwa wa kusahau wa wazee umekuwahi. Angalia ulivyoniandikia: unajua umesahau nini, wapi, na jina la nani. Kwenye ugonjwa ule, mara nyingi wanaolalamika ni wa nyumbani, mgonjwa mwenyewe anasema yuko salama. Kwa miaka 36 na historia hii, hauko juu kwenye orodha yangu. Kilicho juu zaidi, baada ya sonona na kukosa usingizi, ni mambo ambayo damu inaweza kuyajibu. Mwanamke anayepata hedhi na kuishi kwa uji na wali mkavu anaweza kuwa amepungukiwa madini ya chuma na vitamini B12, na upungufu huo huleta kichwa kizito na uchovu bila msaada wa sonona. Nenda upimwe wingi wa damu, chuma, B12, homoni ya tezi ya shingo, sukari, VVU na kaswende. Hizo mbili za mwisho nazitaja kwa kila anayelalamikia kumbukumbu, hata awe nani, kwa hiyo usione nimekushuku.

Kagua na mkoba wako wa dawa. Dawa za mafua zinazosinzisha, baadhi ya za kuzuia msokoto, hata amitriptilini yenyewe, zina tabia ya kuzuia kemikali moja ambayo ubongo unaitumia kukumbuka. Kidonge kimoja siku moja si tatizo. Ukizimeza kila siku, tena mbili tatu kwa pamoja, kichwa kitazubaa.

Hiyo amitriptilini iliyolala mkobani inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu aliyekuandikia hakukosea kuifikiria na wa duka la dawa alikunyima taarifa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa wagonjwa 463 wa IBS, kwa kiasi cha miligramu 10 hadi 30 usiku, kwa miezi 6. Waliomeza amitriptilini walipata nafuu ya tumbo zaidi ya waliopewa kidonge tupu. Kiasi hicho kidogo kinatuliza neva za maumivu na kupunguza mwendo wa utumbo, kwa hiyo kinamfaa mtu anayeharisha, na usingizi unaoleta ni faida ukimeza jioni. Mdomo hukauka, na asubuhi za mwanzo unaweza kuamka mzito. Inatumika pia kwa kipandauso na maumivu ya neva. Haimfanyi mtu kuwa "mgonjwa wa akili", na hata angekuwa, dawa si aibu.

Mambo mawili lakini. Kwanza, nusu kidonge haitibu sonona. Kwa sonona hutakiwa mara kadhaa ya kiasi hicho. Pili, amitriptilini ikizidishwa ni hatari kwa moyo. Mtu mwenye siku za kutamani asiamke hapaswi kukaa na pakiti nzima nyumbani. Sidhani kama daktari wako alijua habari hiyo, maana inaonekana hakuuliza wala hukusema. Mpe mume wako aitunze hadi utakapoonana na daktari, na usianze kumeza peke yako kwa sababu umesoma hapa.

Kwa sonona yenyewe, dawa zinazoanza kufikiriwa ni kama fluoksetini au setralini. Ni salama zaidi zikizidishwa na hazileti uraibu. Huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi, na huendelea miezi 6 au zaidi baada ya nafuu. Ubaya wake kwako ni kwamba wiki za mwanzo zinaweza kulainisha choo zaidi, setralini hasa, na wengine hupata wasiwasi wa muda. Usizichanganye na amitriptilini bila daktari kujua, kwani fluoksetini hupandisha kiwango chake kwenye damu. Ningekuwa mimi niliye mbele yako, ningeegemea kutibu sonona kwa dozi kamili ya dawa ya kundi hili, nikatuliza kuharisha kwa loperamidi asubuhi chache ngumu, na amitriptilini ningeiweka pembeni hadi mawazo ya kufa yaondoke. Daktari atakayekuona ana ziada ambayo mimi sina: anakuona. Akiamua tofauti na kukueleza kwa nini, mfuate. Ujue pia kwamba umakini mara nyingi hurudi nyuma ya moyo. Unaweza kuanza kucheka tena wiki ya sita na bado safu za hesabu zikakusumbua wiki ya kumi. Usikate dawa hapo.

Tiba ya mazungumzo inafanya kazi upande wa tumbo na upande wa moyo kwa pamoja. Uingereza waliijaribu kwa watu 558 ambao IBS yao ilikuwa imeshindikana kwa dawa, kwa njia ya simu na kwa njia ya tovuti, na makundi yote mawili yakapata nafuu zaidi ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Nimeitaja ya simu makusudi, kwa sababu wanasaikolojia kwetu ni wachache na wamejaa mijini. Wewe uko Mwanza, Bugando pana huduma ya afya ya akili. Uliza hapo, au hospitali ya mkoa. Kinachofanyika si kuambiwa "punguza stresi". Mnakaa na jambo mahususi, mathalani ile asubuhi ya daladala, mnalichambua hatua kwa hatua, kisha unafanya mazoezi ya kupanda bila kwenda chooni ile mara ya nne ya tahadhari.

Chakula nacho tukirudishe, maana ulichonacho ni adhabu. Mpango wenye ushahidi ulitoka Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne: unapunguza kwa wiki 2 hadi 6 aina za sukari zinazochacha utumboni, halafu unavirudisha vyakula kimoja kimoja ili ujue adui yako halisi. Wengi hukwama hatua ya kwanza wakakaa humo miaka, kama wewe, na kwa mwenye sonona kujinyima kunazidisha. Kwa meza yetu, wanaosumbua zaidi ni vitunguu maji na vitunguu saumu, maharage, kabichi, ngano ya chapati na maandazi, maziwa mengi kwenye chai, embe na tikiti. Wasiosumbua wengi ni wali, ugali wa mahindi, viazi, ndizi za kupika, mchicha, karoti, mayai, nyama, chungwa, nanasi. Sato na dagaa wa ziwa huna sababu ya kuwaacha, wana protini na B12 unayoihitaji. Maharage ukiyaloweka usiku kucha, ukamwaga maji yale na ya mchemko wa kwanza, huwa mapole zaidi. Anza na vijiko viwili vitatu. Maziwa jaribu kuyaacha wiki mbili uone, kwa sababu wengi wetu ukubwani hatuyasagi vizuri. Isabgoli, maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi yanayouzwa maduka ya Wahindi, kijiko kwenye glasi ya maji, husaidia choo laini na kigumu pia, mradi uanze kidogo. Na kutembea nusu saa karibu kila siku kuna faida iliyopimwa kwa tumbo na kwa sonona.

Dalili za hatari ni hizi: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa za mara kwa mara au jasho la usiku, kuamshwa usingizini na kuharisha, upungufu wa damu, uvimbe unaoshikika tumboni, au ndugu wa karibu aliyepata saratani ya utumbo mpana. Kwako uzito utachanganya kidogo kwa sababu umejinyima chakula, kwa hiyo upimwe na uandikwe. Ukiwa na mojawapo, habari ya IBS inawekwa kando na uchunguzi unaanza upya, ikiwemo kifua kikuu cha tumbo na kamera ya utumbo mpana. Mwanamke mwenzako wa zaidi ya miaka 50 anayeanza ghafla kujaa tumbo naye asiambiwe IBS kabla ya kupigwa ultrasaundi ya nyonga kuangalia vifuko vya mayai.

Ukienda, usianze na tumbo, la sivyo utatoka na karatasi nyingine ya Widal. Anza hivi: "Daktari, nina dalili za sonona, kuna siku natamani nisiamke, na nina IBS." Beba dawa zote ulizonazo, hata za mitishamba.

Umeuliza pia kuhusu wanao. Uchambuzi wa vinasaba vya zaidi ya watu 53,000 wenye IBS, uliochapishwa mwaka 2021, ulipata maeneo 6 tu yanayohusika, mengi yakiwa yaleyale yanayohusishwa na wasiwasi na sonona, na mchango wake kwa mtu mmoja ni mdogo. Utafiti wa mapacha wa Marekani ulionyesha kwamba kuwa na mzazi mwenye IBS kulitabiri ugonjwa huo zaidi ya kuwa na pacha mwenye nao, jambo linaloelekeza kidole pia kwenye mazoea ya nyumbani: mtoto anajifunza kutoka kwetu tumbo likiuma mtu afanye nini. Wako akilalamika, msikilize, mwangalie dalili za hatari, na kama hazipo mpe maji, mpeleke chooni, halafu aende shule.